Mwaka wa Mafunzo, Utumishi wa Kudumu au Kazi ya Mshahara: Njia Tatu za Kuwahudumia Wanafunzi Ukiwa Malindi

Kila baada ya mahafali ya vyuo, wapo vijana wanaorudi nyumbani Malindi, Gede, Watamu au Marafa wakiwa na cheti mkononi na uamuzi mmoja ambao bado hawajaufikia. Waliokoka au walikomaa katika imani wakiwa chuoni, wakawa viongozi katika umoja wa wanafunzi Wakristo, wakawaona wenzao wakibadilika mbele ya macho yao, na sasa wanatamani kuendelea kuwahudumia wanafunzi. Kwamba watahudumu, hilo halina shaka mioyoni mwao. Kinachowasumbua ni kama watahudumu wakiwa katika mwaka mmoja wa mafunzo ya huduma, wakiwa watumishi wa kudumu wanaoishi kwa michango ya wafadhili, au wakiwa waajiriwa wa kawaida wanaotoa jioni zao na Jumamosi zao kwa ajili ya vijana wa chuo.

Nimeishi karibu na vijana wa namna zote tatu hapa Pwani, na nimeandika haya kwa ajili ya yule aliye katikati ya uamuzi huo. Njia ya nne, ya kusomea theolojia na kutumwa na dayosisi kuwa kasisi wa chuo, naiacha kando kwa kuwa huamuliwa na kanisa zaidi kuliko na kijana mwenyewe.

Tunapima kwa vigezo gani

Mimi hutumia vigezo vitano, na uzito wake si sawa.

Cha kwanza ni riziki, pamoja na madeni. Wahitimu wengi wa vyuo vikuu wamesoma kwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ambao hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka na huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya masomo kumalizika. Anayeacha kulipa huongezewa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Ipo pia bima ya afya ya jamii iliyochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani ya hospitali, Oktoba 2024, ambayo humtaka mtu achangie asilimia 2.75 ya mapato yake, na si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Juu ya hayo ipo familia iliyouza mbuzi, nazi na korosho mwaka hadi mwaka ili mtoto asome, na inayotazamia, kwa haki kabisa, kwamba atawashika mkono wadogo zake.

Cha pili ni muda wa kuwa na wanafunzi. Anayesomea shahada hukaa chuoni miaka minne, na wa diploma katika chuo cha mafunzo ya utabibu, yaani KMTC, hukaa miaka mitatu, huku uongozi wa umoja wa wanafunzi ukibadilika kila mwaka. Anayetaka kumpokea mwanafunzi akiwa mgeni na kumuaga akiwa mtu mzima katika imani anahitaji kukaa mahali pamoja kwa miaka mingi kuliko vijana wengi wanavyodhani.

Cha tatu, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni usimamizi. Ni nani anayejua unachofundisha, unavyotumia fedha na unavyoishi, na ambaye ana mamlaka ya kukukanya ukamsikia? Sisi watu wa Malindi tunaliuliza swali hili kwa uchungu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, ndani ya kaunti yetu ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu, wakiwamo watoto ambao hawakuwa na lolote la kuchagua. Kanisa ambalo mafundisho hayo yalitokea lilikuwa hapa hapa mjini, na lilianza kwa kuwakataza watu shule na hospitali. Tangu wakati huo, mtu anayejitambulisha kuwa mtumishi wa Mungu miongoni mwa vijana, na hana kanisa wala shirika linalomjua, huulizwa maswali mengi mjini kwetu, na ni haki aulizwe.

Cha nne ni ukuaji wako mwenyewe: kama njia hiyo itakuacha ukiendelea kuwa mfuasi wa Kristo anayejifunza, au itakugeuza kuwa mtoaji wa mafundisho tu. Cha tano ni nyumbani, yaani wazazi, ndoa na ukoo.

Kuhusu njia ipi ni takatifu kuliko nyingine, sioni kuwa Maandiko yanatupa nafasi ya kubishana. Paulo alishona mahema pamoja na Akila na Prisila huko Korintho (Matendo 18:3), na katika mji huohuo, Sila na Timotheo walipofika kutoka Makedonia, alijitoa kulihubiri neno kwa muda wake wote (18:5). Kanisa la Filipi lilimpelekea msaada zaidi ya mara moja (Wafilipi 4:15-16), ilhali Wathesalonike aliwakumbusha kwamba alifanya kazi usiku na mchana asije akamlemea yeyote kwao (2 Wathesalonike 3:8). Alikuwa mtu yuleyule mwenye wito uleule, ila mpango wa riziki ulibadilika kulingana na mahali na majira. Kijana akilielewa hili, mzigo wa hatia ambao wengi huubeba, wa kufikiri kwamba kuajiriwa ni kumkimbia Mungu au kwamba kuishi kwa michango ni uvivu, humwondokea, naye huweza kupima mambo kwa utulivu.

Njia ya kwanza: mwaka mmoja wa mafunzo ya huduma

Mashirika ya huduma ya wanafunzi huwapokea wahitimu wapya kwa mwaka mmoja, huwaweka chini ya mtumishi mzoefu, na huwapa chuo kimoja au vyuo kadhaa vya kuhudumia. FOCUS Kenya, ambayo hulea vyama vya wanafunzi Wakristo katika vyuo vya nchi nzima na ni mwanachama wa IFES, umoja wa kimataifa ulioasisiwa mwaka 1947, ina mpango wa aina hii unaojulikana kwa kifupi kama STEM.

*Riziki.* Kijana huishi kwa posho ndogo, na mara nyingi hutakiwa kuchangisha sehemu ya posho hiyo mwenyewe. Hatajenga wala hatamsomesha mdogo wake mwaka huo. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalitazami: kwa kuwa HELB huanza kudai baada ya mwaka mmoja, anayeingia mafunzoni mara tu anapomaliza chuo hutumia kipindi ambacho deni bado halijamgongea mlango. Anayesubiri miaka miwili akitafuta kazi ndipo akaja, hulikuta deni likimsubiri, na posho haitalitosha.

*Muda.* Wiki yote ni ya wanafunzi, jambo lenye thamani kubwa. Hata hivyo mwaka mmoja ni mfupi. Muhula wa kwanza huenda katika kujua majina na kuaminiwa, na kijana anapoanza kuwa na manufaa ya kweli, anatakiwa kuaga. Tena asitegemee kubaki Pwani, kwa kuwa anaweza kupelekwa Eldoret, Kisii au Meru, na pengine hilo ndilo litakalomfaa zaidi, kwani kijana aliyekulia Malindi hujifunza mengi akihudumia mahali ambapo lugha, chakula na namna ya kusalimiana si vya kwao.

*Usimamizi.* Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine waziwazi. Kuna mtu anayemuuliza kila wiki alifanya nini, alisoma nini, alilala saa ngapi na fedha zilikwenda wapi. Kijana wa miaka 23 ambaye jana tu alikuwa mwanafunzi anahitaji kuulizwa hivyo zaidi ya anavyohitaji kupewa jukwaa. Nasisitiza kwamba ubora wa mwaka wote hutegemea mlezi atakayekuwa juu yake, na ni halali kabisa kuuliza jina lake, amelea wangapi na wako wapi sasa, kabla ya kutia sahihi.

*Ukuaji.* Ni wa haraka. Kijana husoma Biblia kwa mpango, hujifunza kufafanua kifungu bila kukilazimisha kiseme kisichosema, na huona udhaifu wake ukianikwa mapema, wakati ambapo bado unaweza kutibiwa. Hatari yake huja mwishoni. Kwa mwaka mzima amekuwa akiitwa mtumishi, akialikwa kuhubiri makesha na kushauri watu, kisha mwaka unakwisha, simu inanyamaza, naye yumo chumbani kwao Malindi akiandika barua za kuomba kazi. Wengi huanguka katika kipindi hicho, na ni vyema kukipangia mapema: kanisa atakalohudhuria, mzee atakayemwona, na kazi ya mikono atakayofanya huku akisubiri.

*Nyumbani.* Wazazi hukubali mwaka mmoja kwa urahisi kuliko maisha yote. Kinachowatia hofu ni mahali. Hawajasahau tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa alfajiri na watu 148 wakauawa, wakiwamo wanafunzi waliokuwa katika sala ya asubuhi. Mzazi akiuliza mtoto wake anapelekwa wapi na usalama ukoje, asijibiwe kwa kuambiwa apunguze woga. Aelezwe mahali penyewe, na apewe namba ya simu ya msimamizi.

Njia hii inamfaa aliyemaliza chuo karibuni, asiye na mke wala mume, ambaye familia yake inaweza kumsubiri mwaka, na ambaye kwa kweli hajui kama ameitwa kwa utumishi wa kudumu au alipendezwa tu na ushirika wa chuoni. Haimfai anayeitumia kujificha na ukosefu wa kazi, kwa sababu wanafunzi hulijua hilo mapema.

Njia ya pili: utumishi wa kudumu kwa michango ya wafadhili

Huyu ni mtumishi aliyeajiriwa na shirika la huduma au kutumwa na kanisa, ambaye kazi yake yote ni wanafunzi, na ambaye mapato yake hutokana na watu na makanisa wanaoahidi kutuma kiasi fulani kila mwezi.

*Riziki.* Kila mtu huuliza hapa kwanza, na anayekuambia ni suala la imani tu hajakusaidia. Chukulia bajeti ya shilingi 45,000 kwa mwezi, pamoja na kodi ya nyumba, nauli, bima, HELB na kitu cha kuwatumia wazazi. Ukiwa na wafadhili 30 wanaotoa shilingi 1,000 na wengine 30 wanaotoa 500, umefika, mradi wote 60 watume. Hawatatuma wote. Kwa hiyo anayehitaji 45,000 hana budi kutafuta ahadi zinazozidi kiasi hicho, kuweka akiba mwezi ulio mzuri, na kuandika kila shilingi inayoingia.

Malindi ina ugumu wake wa pekee. Mvua za masika zinapoanza na kusi kuvuma, hoteli nyingi za hapa na Watamu hupunguza wafanyakazi, na nyingine hufungwa hadi Julai. Mfadhili anayefanya kazi jikoni au mapokezi, ambaye Desemba alituma bila kukumbushwa, ifikapo Mei hana hata chake. Mtumishi ambaye wafadhili wake wote ni watu wa hoteli na biashara ya ufukweni atapata njaa pamoja nao. Ni busara kuchanganya: walimu na wauguzi wenye mshahara wa mwezi, wahitimu wa chuo chake walioko Nairobi na Mombasa, na kanisa moja au mawili yaliyoliweka jambo hili katika bajeti yao ya mwaka.

Lililo gumu kuliko hesabu ni mazungumzo yenyewe. Kijana mmoja wa Ganda alikwenda kwa baba yake mdogo na karatasi ya bajeti. Baada ya shikamoo na chai, mzee aliisoma karatasi yote hadi chini, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, tulikuchangia ukasome. Leo umerudi kutuchangisha tena?" Kijana akamjibu, "Baba, hii si ya kunilisha mimi. Nimekuja nikueleze kazi ninayoifanya, na ukiiona ni kazi ya kweli, tuishike pamoja." Siku ile hakupata kitu. Baada ya miezi kadhaa mzee alianza kutuma shilingi 200, na kila anapotuma hupiga simu kuuliza habari za wale vijana wa chuo. Naamini hapo ndipo uchangishaji unapogeuka kuwa huduma yenyewe, kwa kuwa mzee yule sasa anawaombea wanafunzi ambao hatawaona kamwe. Lakini asiyeweza kustahimili ile siku ya kwanza, bila kinyongo na bila kumbembeleza mtu kwa vitisho vya baraka na laana, ataumia sana katika njia hii.

*Muda.* Anao kuliko wote. Anaweza kuwako mwanafunzi anapofiwa saa nne asubuhi, siku ya mtihani unaposhindwa, na miaka minne mfululizo. Umoja wa wanafunzi unaobadilisha viongozi kila mwaka unahitaji mtu mmoja anayekumbuka kilichotokea mwaka juzi. Sehemu ya muda huo, hata hivyo, huliwa na taarifa, safari za kuwatembelea wafadhili na mikutano ya shirika, na anayedhani kwamba atashinda chini ya mwembe akisoma Warumi na wanafunzi atashangaa.

*Usimamizi.* Shirika zuri lina sera za fedha, taarifa ya kila mwezi, ukaguzi wa hesabu na taratibu za mahusiano na wanafunzi: kwa mfano, mlezi wa kiume hakutani na mwanafunzi wa kike peke yao chumbani, na lalamiko la mwanafunzi lina mahali pa kupelekwa. Baadhi ya huduma hazina lolote kati ya hayo, bali zina mwanzilishi mmoja tu ambaye haulizwi. Usijiunge na huduma ya namna hiyo, hata kama mahubiri yake yanatikisa ukumbi. Na hata katika shirika zuri, kadiri miaka inavyopita mtumishi huaminiwa zaidi na kuulizwa kidogo, kwa hiyo ni juu yake kuendelea kuyaomba maswali.

*Ukuaji.* Anasoma, anafundisha, anashauri na kuomba zaidi ya walio wengi, na kwa miaka mingi hupata kina ambacho njia nyingine hazikitoi kwa urahisi. Lakini Biblia inaweza kugeuka kuwa jembe lake: aishike kila siku kwa ajili ya shamba la watu, na jioni aiweke pembeni akiwa amechoka nayo. Nimewaona watumishi wema wakifundisha juu ya sala huku wao wenyewe hawajaomba kwa utulivu kwa wiki nyingi. Dawa yake ni ya kawaida na hufanya kazi: siku moja ya mapumziko isiyoguswa, kifungu kinachosomwa bila nia ya kukifundisha, na marafiki wawili watatu wasiokuwa wanafunzi wake wala wafadhili wake. La mwisho ndilo hupuuzwa. Mtumishi ambaye kila anayemfahamu ama anamlea au anamlisha hana pa kusemea kwamba amechoka.

*Nyumbani.* Wazee wanapokwenda kuposa, swali la kwanza ni kijana anafanya kazi wapi, na jibu la "nahudumia wanafunzi" haliwaridhishi haraka. Kwa mabinti swali huja kwa namna nyingine, kama binti ataendelea na kazi ya usiku na safari akishaolewa, na mara nyingi anayeulizwa ni baba yake badala ya yeye mwenyewe. Mchumba anastahili kuiona bajeti yote kabla ya mahari kuzungumzwa, pamoja na miezi ile ya kusi ambayo haitoshi.

Njia hii inamfaa aliyekwisha kujaribiwa, pengine kwa mwaka wa mafunzo, ambaye kanisa lake linamjua na liko tayari kusema hivyo kwa maandishi, anayeweza kuzungumzia fedha bila aibu na bila ujanja. Haimfai anayekimbia mamlaka ya mwajiri.

Njia ya tatu: kazi ya mshahara, na wanafunzi jioni na mwisho wa wiki

Huyu ni mwalimu, muuguzi, mhasibu au fundi anayewalea wanafunzi kwa kujitolea.

*Riziki.* Mshahara ukiwapo, mengi hutulia: HELB hukatwa, bima hukatwa, mdogo wake analipiwa karo, na hana wa kumwomba nauli. Tena hawi mzigo kwa wanafunzi, bali ndiye anayewanunulia mahamri na mbaazi mwisho wa muhula wakati mifuko yao imekauka. Ugumu ni kuipata kazi yenyewe. Walimu wengi waliohitimu husubiri ajira ya TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, kwa miaka, na anayesema atahudumu akishaajiriwa anaweza kusubiri huku ujana unakwisha. Afadhali aanze na kidogo alicho nacho sasa.

*Muda.* Ndio udhaifu mkubwa. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko Kilifi, kama kilomita 60 kutoka Malindi. Anayetoka kazini saa kumi na moja jioni akapanda matatu kwenda Kilifi hufika ibada imeshaanza, na ikimalizika saa tatu usiku, gari la kurudi ni la kubahatisha. Hawezi kufanya hivyo kila wiki kwa miaka. Kwa hiyo nawashauri waajiriwa wa Malindi watazame karibu: KMTC iko hapa hapa mjini, na vipo vyuo vya ufundi ambavyo wanafunzi wake ni wengi, wengi wao watoto wa Magarini na Ganda, na ambavyo hupata walezi wachache kuliko chuo kikuu. Nasema kwa moyo wote kwamba kijana anayesomea ufundi wa umeme anastahili mlezi sawasawa na anayesomea shahada ya sayansi. Kundi la vijana sita wanaokutana nyumbani kwako kila Jumamosi alasiri, mwaka baada ya mwaka, si huduma ya daraja la pili.

*Usimamizi.* Hapa njia hii hulegea kuliko zote, kwa kuwa hakuna anayemdai taarifa. Mwajiri wake anamuuliza juu ya kazi, na kanisa humshukuru tu kwa moyo wake. Anayeichagua inampasa ajitafutie usimamizi: amweleze mchungaji wake kwa maandishi anachofanya na wapi, aingie chuoni kwa ruhusa ya ofisi inayoshughulikia wanafunzi, afanye kazi pamoja na mlezi rasmi wa umoja wa wanafunzi, na awe na mwenzake, wala asiwe peke yake na kundi la vijana wanaomsikiliza yeye tu. Baada ya Shakahola, mlezi ambaye hakuna anayejua anachowafundisha vijana sebuleni kwake ni jambo ambalo mji huu hauwezi tena kulichukulia kwa wepesi, hata akiwa ni mtu mwema.

*Ukuaji.* Kuna ukuaji ambao hupatikana kazini tu. Yeye ndiye anayejua maana ya kukataa kutia sahihi risiti iliyoongezwa, kumheshimu bosi mkali, na kukaa meza moja na walimu Waislamu mwezi wa Ramadhani akila faraghani kwa heshima yao, kisha kuizungumza imani yake kwa upole pale anapoulizwa. Wanafunzi watakapohitimu, wengi wao wataishi maisha hayohayo, na ni yeye anayeweza kuwaonyesha namna ya kuyaishi. Kinachomtishia ni uchovu. Akiwa amechoka, huacha kwanza sala, kisha ushirika, na mwisho hubaki na wanafunzi tu, akiwapa kutoka katika chombo ambacho hakijajazwa.

*Nyumbani.* Wazazi huridhika. Anayelipa gharama ni mke au mume, ambaye humwona mwenzake jioni chache. Wanaodumu ni wale walioifanya nyumba yao kuwa mahali pa huduma, watoto wakiwamo, wanafunzi wakisaidia kukuna nazi na kuosha vyombo.

Njia hii inamfaa mwenye wategemezi, aliyeitwa kwa taaluma yake kwa dhati, na anayetarajia kukaa Malindi miaka mingi. Haimfai asiyeweza kukataa mambo.

Kwa kutazama hali uliyonayo

Ikiwa wewe ni mzaliwa wa kwanza, baba hayupo au hana nguvu, na wadogo wako bado wako shuleni, anza na kazi ya mshahara na kundi dogo karibu na nyumbani. Ukiona baada ya miaka kadhaa kwamba mzigo wa wanafunzi unazidi, na wadogo wamepata pa kushika, utumishi wa kudumu utakuwa bado upo, nawe utauingia ukiwa na jina jema mjini.

Ikiwa umemaliza chuo mwaka huu, huna wa kumtunza, na viongozi waliokujua chuoni wanakuambia wameona kipawa, omba nafasi ya mwaka wa mafunzo sasa, kabla HELB haijaanza kudai. Ikiwa hakuna aliyekuambia hivyo ila wewe mwenyewe, waulize watatu wanaokufahamu vizuri, mmoja wao awe ni mtu uliyewahi kukosana naye.

Ikiwa umeshamaliza mwaka wa mafunzo na shirika linakutaka ubaki, usijibu ndani ya wiki ya kuaga, wakati machozi na zawadi vingalipo. Rudi nyumbani, kaa mwezi mmoja chini ya kanisa lako, andika bajeti ya kweli, na uwaendee watu kumi unaotumaini watakuunga mkono. Majibu yao yatakueleza mengi kuhusu mzigo utakaoweza kuubeba.

Ikiwa umechumbiwa au unakaribia kuoa, amueni pamoja, na kila mmoja aseme mbele ya mwenzake kiasi cha chini kabisa cha fedha ambacho anaweza kuishi nacho kwa amani. Mkitofautiana sana, chagueni mshahara kwa sasa.

Ikiwa una kidonda ambacho hakijapona, kiwe cha familia, cha uhusiano au cha kanisa lililokuumiza, chagua njia ambayo ina msimamizi aliye karibu zaidi, hata kama posho yake ni ndogo, na mweleze kidonda hicho kabla hujaanza.

Na ikiwa tayari uko katika mojawapo ya njia hizi na unafikiri kuhamia nyingine, hama mwishoni mwa mwaka wa masomo, uongozi mpya wa wanafunzi ukiwa umeshakabidhiwa. Waandikie wafadhili wako mapema, uwaeleze sababu na fedha zilizobaki zitakwenda wapi, na wanafunzi wayasikie kutoka kinywani mwako kabla hawajayasikia kwingine.